Kiini Hutunga, Fuwele Hukua

Neno bilauri limetufanyia mzaha wa muda mrefu. Tunalitumia kwa chombo cha kunywea maji, chombo cha kioo, nasi hatufikirii zaidi ya hapo. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni fuwele: jiwe angavu lililojipanga ndani ya ardhi chembe kwa chembe, pembe kwa pembe. Ajabu ni kwamba bilauri ya mezani haina hata fuwele moja ndani yake. Ingezijaa fuwele, aghalabu isingepitisha nuru. Ingekuwa nyeupe kama sahani. Wala si sisi peke yetu tuliochezewa. Mafundi wa Murano, karibu na Venice, walipofanikiwa katika karne ya 15 kuyeyusha kioo kisicho na rangi, walikiita cristallo, na hadi leo glasi za bei kubwa huko Ulaya huuzwa kwa jina la fuwele. Wagiriki wa kale ndio walioanzisha: neno lao la barafu, krystallos, walilipa pia jiwe angavu la milimani kwa kudhani kuwa ni maji yaliyoganda mno hata yasiweze kuyeyuka tena. Hivyo jina moja limetoka kwenye barafu, likaingia kwenye jiwe, likaishia kwenye glasi, kitu ambacho kwa umbile lake la ndani ni kinyume cha jiwe lile.

Nimekuwa na neno hili kichwani tangu mwaka jana, nilipoombwa kusaidia kusanifu Kiswahili cha kijitabu cha sayansi kwa wanafunzi wa sekondari. Sura moja inahusu kioo na kauri, na ndani yake imo sehemu inayoeleza namna fuwele zinavyozaliwa katika kioo hata kikageuka kitu cha tatu, kisicho kioo tena wala kauri ya kawaida. Mwenzangu katika kazi hiyo ni mwanakemia. Mimi ni mtu wa mashairi. Tulielewana karibu kwa kila jambo isipokuwa kitenzi kimoja. Kitenzi hicho ndicho kilichonileta kwenu leo, maana nadhani ninyi mnaotunga mna haki ya kukitolea neno kuliko yeyote.

Kwanza tukijue kioo chenyewe. Mchanga mweupe ni silika, yaani silikoni na oksijeni. Kila chembe ya silikoni imezungukwa na chembe nne za oksijeni, na kila oksijeni hushikwa na majirani wawili, kama jirani wawili wanaotumia ukuta mmoja. Katika fuwele ya silika, mpango huo hurudiwa bila kukosea: pembe ileile, umbali uleule, safu hata safu. Msomaji wa mashairi ya arudhi haoni taabu kuelewa. Ukisikia ubeti mmoja wa tarbia unajua wa pili utakavyokuja. Mizani minane kwa minane, vina vya kati na vya mwisho, na ukiambiwa ubeti wa arobaini haujaandikwa bado, umbo lake unalo tayari. Kioo nacho kina silikoni zilezile na oksijeni zilezile nne nne. Kila kipande kimetimia. Lakini kutoka kipande hadi kipande pembe huyumba, hivyo kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyoshindwa kubashiri kinachofuata. Picha hii ya mtandao uliotimia karibu na kuvurugika mbali ilichorwa na W. H. Zachariasen mwaka 1932, na haijaachwa tangu hapo. Ni mishororo yenye mizani kamili ambayo vina vyake havikutani.

Kioo hakikuchagua kuwa hivyo. Silika iliyoyeyuka ni nzito, yenye mnato kama asali, tena zaidi. Ikipozwa, chembe hutaka kujipanga, ila hukosa wepesi wa kusogea, na baridi huzikuta zingali njiani. Kwa hiyo kioo ni kimiminika kilichonaswa kabla hakijafika kilikokuwa kinakwenda. Ukikirudishia joto la kutosha, safari huendelea.

Wapishi wetu wanalijua jambo hili kwa mikono. Mpika kaimati akishachemsha shira, huchungulia kingo za sufuria kama kuna punje za sukari zilizoganda pale, na akiziona huzifuta kwa maji. Anajua kwamba punje moja ikiangukia kwenye shira nzito, shira yote huweza kugeuka chembechembe. Wengine hukamua ndimu humo ili sukari ivunjike na kuchanganyika na isiyofanana nayo, isipate nafasi ya kujipanga. Lakini mpishi huyohuyo akitaka kaimati zilizovaa sukari kavu nyeupe, hufanya kinyume: hukoroga kwa makusudi shira ikipoa, nayo hubadilika mbele ya macho. Elimu yote ya fuwele imo katika sufuria hiyo, ila kitenzi chake. Tunasema shira imeganda, na kuganda kunachukua mengi mno: maji huganda, damu huganda, ubuyu huganda vidoleni. Hata kioo chenyewe huganda kikipoa, bila fuwele hata moja. Neno linalotaja kioo kuwa kioo na kioo kuacha kuwa kioo kwa sauti moja halitufai hapa.

Tatizo ni kwamba fuwele huja kwa hatua mbili, na hatua hizo hazifanani. Hatua ya pili ni rahisi kutaja: fuwele hukua. Chembe zilizo jirani hujongea, hujipachika, uso husogea mbele. Ya kwanza ndiyo yenye siri. Ndani ya kioo kilichopashwa joto, chembe hutikisika daima, na kwa bahati kikundi kidogo hujikuta kimekaa sawasawa, kama fuwele changa. Mara nyingi husambaratika papo hapo. Sababu ni kwamba kitu kidogo kina ngozi nyingi na nyama kidogo: mpango wa ndani huleta nafuu, lakini uso unaokutana na kioo kisichopangika una gharama yake, na kwa kikundi kidogo gharama huizidi nafuu. Kikundi kikifanikiwa kuvuka ukubwa fulani, hesabu hugeuka. Kuanzia hapo kila chembe inayoongezeka ni faida, na kiini hakirudi nyuma tena. Upande wa huku wa mpaka huo kuna kufutika, upande wa pili kuna kukua. Je, tukio la kuuvuka mpaka tuliiteje?

Mwenzangu alipendekeza “uundaji wa viini”. Ni neno safi, na lina ndugu wengi katika vitabu vya sayansi. Mimi lilinikera kidogo. Kuunda kuna mwundaji. Jahazi huundwa, yuko fundi, iko mbao, iko nia. Ndani ya kioo hayupo wa kuunda. Nilifikiria “kuota”, nikaliacha, kwa kuwa mmea huota na kukua kwa mwendo mmoja na masikio ya Mswahili hayatatenganisha hatua mbili tunazotaka kuzitenganisha. Kisha likanijia “kutunga”.

Hebu lisikilizeni. Mimba hutunga. Jipu hutunga usaha. Hakuna asemaye kwamba mama ameiunda mimba; mimba imetunga, ama haikutunga, na baina ya mawili hayo hapana nusu. Baada ya kutunga ndipo hukua. Lugha imekwisha tuwekea mpaka uleule wanaouzungumza wanafizikia, na imeuweka mahali palepale. Isitoshe, kitenzi hikihiki tunakitumia kwa ushanga unaopangwa punje kwa punje uzini, na kwa shairi. Sarufi yake ni pana: mshairi hutunga shairi, naye ni mtenda, mimba hutunga, na mtenda haonekani. Viini vinaweza kuwa vya namna hii ya pili bila kuilazimisha lugha.

Mwanakemia wangu hakuridhika. “Ndugu yangu,” aliniandikia, “darasa lenye vijana wa miaka kumi na mitano likisikia kutunga litacheka.” Hoja yake ina uzito, nami sikuidharau. Nilimjibu kwamba watacheka siku moja na watakumbuka miaka yote, na kwamba “uundaji” hakuna atakayeucheka wala kuukumbuka.

Ila hoja yangu kubwa haikuwa ya utamu. Kutenganisha kutunga na kukua ndiko kulikozaa kioo kauri, na anayechanganya vitenzi viwili hivi hawezi kuelewa kwa nini kazi hiyo iliwashinda watu kwa zaidi ya miaka mia mbili. Mwaka 1739 Mfaransa René-Antoine Ferchault de Réaumur, yule wa kipimajoto, alizika chupa za kioo katika mchanga na jasi, akazipasha moto kwa muda mrefu. Zilitoka nyeupe, zikifanana na kauri. Alikuwa amekigeuza kioo kweli. Lakini viini vilitunga usoni tu, mahali ambapo kuna kitu cha kuegemea, kisha fuwele zikakua kuelekea ndani kama sindano ndefu, ubavu kwa ubavu. Chombo cha namna hiyo ni dhaifu. Réaumur alikuwa na kukua kwingi na kutunga kuchache.

Joto linalopendwa na kutunga si lile linalopendwa na kukua. Gustav Tammann, Mjerumani, alilionyesha hili mwanzoni mwa karne iliyopita. Katika joto kali, fuwele iliyokwisha kuwapo hukua kwa kasi kwa sababu chembe ni nyepesi, lakini viini vipya havitungi, kwani kila kikundi kidogo husambaratishwa. Joto likipungua, viini hutunga kwa wingi, ila hukua polepole mno, maana mnato umezishika chembe. Kwa hiyo ukimimina kioo na kukiacha kipoe, kinapita kwanza penye kukua bila cha kukuzwa, halafu penye kutunga bila nguvu ya kukua, na kinafika chini kikiwa kioo. Fundi wa kioo kauri huipanda njia hiyo kinyume: hukipoza kioo kabisa, hukirudisha taratibu hadi joto la kutunga, hukaa hapo, kisha ndipo hupandisha hadi joto la kukua. Viini vikiwa mabilioni katika kila tone, kila fuwele hubanwa na majirani zake ikabaki ndogo. Na katika kauri, udogo wa fuwele ni nguvu.

Ili viini vitunge ndani na si usoni tu, kioo huwekewa tangu mwanzo kitu kigeni kilichotawanyika kila mahali, cha kuegemewa. Oksidi ya titani hufanya kazi hiyo, na ya zirkoni, na fosforasi. Fedha pia, na fedha ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 1953 Donald Stookey, mkemia wa kampuni ya Corning katika jimbo la New York, aliweka tanurini kipande cha kioo cha lithiamu chenye chembe za fedha, akitaka nyuzi 600 za Selsiasi. Tanuri likapitiliza hadi 900. Alitarajia kukuta uji wa kioo umemwagika. Alikuta bamba jeupe lililoshika umbo lake, na alipolitoa kwa koleo likamponyoka, likaanguka sakafuni, likalia kama chuma, halikuvunjika. Miaka mitano baadaye, vyombo vya jikoni vya aina hiyo vilikuwa madukani Marekani. Watu wakavitoa kwenye barafu na kuvitia motoni bila hofu.

Mimi nilikutana na kioo kauri kwa njia ya mdomo. Nilikuwa nikimenya muwa kwa meno, kama nilivyofanya tangu utotoni, na jino la juu la mbele likakatika nusu. Maumivu yalikuwa madogo. Kilichonitia huzuni ni sauti. F na v huhitaji meno ya juu yakutane na mdomo wa chini. Th na dh huhitaji ncha ya ulimi iguse ukingo wa meno hayohayo. Jaribu kusema “fadhila” huku pana pengo pale. Mtu aghaniye mashairi hadharani hujijua kwa namna herufi zake zinavyotoka, na mimi nilikataa mwaliko wa harusi moja kwa kisingizio cha safari, nikakaa nyumbani nikisoma kimoyomoyo.

Daktari aliniambia jino litavikwa kofia, na kwa kuwa nilimsumbua kwa maswali alinipeleka chumba cha nyuma kwa kijana anayezitengeneza. Kijana alikuwa na kipande kidogo cha rangi ya zambarau iliyopauka, kimekwisha kuchongwa na mashine kikapata umbo la jino. Nikashtuka.

“Usiogope rangi, Mwalimu,” akasema. “Hili bado bichi. Likiiva litafanana na wenzake.”

“Linaivia joto gani, mwanangu?”

“Mia nane arobaini na kitu, Mwalimu. Halichukui hata muda wa kupika chai ya wageni.”

Kuiva: neno la mafundi, na zuri. Lingenitosha kama ningekuwa mteja tu. Baadaye, nikiwa na kijitabu mkononi, ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikiiva. Kipande kile cha zambarau si kioo kitupu. Viini vimekwisha kutunga humo kiwandani, kwa kuegemea fosforasi, na fuwele ndogo za silikati ya lithiamu za namna ya kwanza zimekwisha kuchukua takribani asilimia 40 ya ujazo. Ni laini kiasi, ndiyo maana mashine huweza kulichonga. Likirudi tanurini, fuwele hizo za kwanza haziendelei kukua. Huchanganyika na silika iliyobaki katika kioo na kutoweka, na mahali pake huja fuwele za namna ya pili, zenye silika zaidi, ndefu kidogo kama vijiti, hata kufikia takribani asilimia 70. Kila kijiti hakizidi sana elfu moja ya milimita. Vimelala huku na huku, vimepishana kama miyaa ya mkeka, na ufa unaotaka kupita hulazimika kupinda kila hatua hadi uchoke. Zambarau nayo huondoka. Lile la fuwele za mwanzo kutoweka ili za pili zipate nafasi lilinifurahisha kupita kiasi; nina madaftari yaliyojaa beti za kwanza zilizofanya kazi hiyohiyo.

Yapo matumizi makubwa kuliko jino langu, na nayataja kwa haraka. Zipo fuwele za jamii ya silika ambazo zikipashwa moto husinyaa badala ya kutanuka, wakati kioo kilichobaki baina yake hutanuka. Vikipimwa vizuri, chombo kizima hakisogei. Kwa hiyo kioo kauri hufanywa vibao vyeusi vya majiko ya umeme, na hufanywa vioo vya darubini za nyota. Darubini kubwa inayojengwa Chile na taasisi ya anga ya Ulaya ina kioo kikuu cha mita 39, kilichounganishwa kwa vipande 798 vya kioo kauri kutoka Mainz, Ujerumani. Katika kioo kauri hicho fuwele ni zaidi ya theluthi mbili ya uzito, lakini ni ndogo sana kuliko wimbi la nuru, na nuru hupita kana kwamba hazipo. Hapo narudi kwenye bilauri na kuomba radhi nusu: kumbe kipo kitu kilichojaa fuwele na bado mtu huona upande wa pili.

Jina la kitu chenyewe halikutugombanisha. Kauri kwetu ni yule simbi mweupe wa pwani, na ni vyombo vya kichina pia, kwa ajili ya ule weupe na mng’ao. Waitalia nao, walipoviona vyombo vya Uchina, waliviita porcellana, na porcellana ni simbi huyohuyo. Lugha mbili zilitazama sahani moja zikamkumbuka konokono mmoja wa baharini. Tukakubaliana: “kioo kauri”, maneno mawili, kioo kikiwa mbele kwa kuwa ndicho kinachotangulia tanurini pia.

Kwa kitenzi, kijitabu kitakwenda kwa mhariri na yote mawili: “kutunga kwa viini” katika maelezo, na “uundaji wa viini” katika mabano mara ya kwanza linapotokea. Kile kitu kigeni cha kuegemewa nimekiita “kitungishi”, na mwenzangu amekiacha kipite, nadhani kwa uchovu. Limebaki pengo moja. Kioo cha kawaida kikikaa motoni kupita muda, fuwele hutunga pasipotakiwa na kukiharibu, kikawa na ukungu na madoa. Mafundi wa vioo huliogopa jambo hilo, nasi hatuna neno lake. Naamini jikoni lipo. Enyi wa Pemba, wa Lamu, wa Tanga na wa Ngazija: shira inapowaharibikia ikafanya chembechembe bila kutakiwa, mama zenu husema imefanyaje? Andikeni hapa chini, na mtaje mji, maana mhariri anataka maneno kabla ya mwisho wa mwezi.